Kabla ya kununua suti kavu ya pili

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nimezamia kwa suti kavu, ile isiyoingiza maji, msimu mmoja tu. Mwezi ujao nakwenda safari ya boti ya siku sita; maji yanatarajiwa kuwa nyuzijoto 4 hadi 7, na tutazamia mara mbili au tatu kwa siku. Kiongozi wa safari ametuandikia kwamba kila mtu aje na vifaa vya akiba vya kujikinga na baridi, basi, hakufafanua zaidi. Suti yangu ni ya kitambaa cha tabaka tatu, na mipira yake ya kuziba maji shingoni na mikononi ni ya lateksi iliyogundishwa moja kwa moja kwenye suti. Nina pesa inayotosha kununua suti kavu nyingine iliyotumika. Niinunue, au kuna cha kutanguliza?

Jibu: Marahaba. Usiinunue, angalau si kwa safari hii.

Suti iliyotumika inakuja na mipira iliyochakaa kwenye shingo ya mtu mwingine, zipu usiyojua ilitunzwaje, na umbo ambalo si lako. Ukiibeba kama akiba, utakuwa umebeba udhaifu uleule ulio nao sasa, pengine uliozeeka zaidi. Tena fikiria ni nini hasa huharibika safarini. Kwa niliyoyaona kwenye maboti, kinachowatoa watu majini ni mpira wa mkono uliochanika wakati wa kuvaa, glavu iliyotoboka, mpira wa shingo, vali (kidude cha kuingizia au kutolea gesi ya suti) inayovujisha, au nguo za ndani zilizolowa jana na hazikukauka leo. Zipu kufa kabisa au kitambaa kupasuka vibaya hutokea, lakini ni nadra. Suti nzima ya pili ni jibu la hayo mawili ya nadra. Yale mengine yote yanatibika kwa vitu vinavyoenea ndani ya kisanduku kimoja.

Na usidharau tundu dogo. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa. Suti ya kitambaa cha tabaka tatu yenyewe haina joto. Kinachokupa joto ni gesi iliyotulia ndani ya nguo zilizo chini yake. Maji yakiingia humo, gesi hiyo inapoteza nafasi yake. Mzamio wa kwanza unaweza kuumaliza bila shida kubwa. Wa pili unauanza ukiwa tayari umelowa na umepoa, na hapo ndipo mambo huharibika. Madaktari huita hali hiyo haipothemia joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzijoto 35, lakini kabla hujafika huko, muda mrefu kabla, vidole vinakuwa vimeshakataa kazi. Huwezi kubonyeza vali, huwezi kufungua ndoano, huwezi kuchomoa hosi. Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za akiba ya baridi, mimi huanza na mikono na mipira.

Tuanze na mipira, maana pesa yako nyingi ningependa iende huko.

Lateksi ina maadui wengi: jua, ozoni, mafuta ya aina yoyote yakiwemo ya kuzuia jua na yale ya ngozi yako mwenyewe. Ikizeeka huwa ama inanata ama inapata mipasuko midogomidogo. Uvute mpira wako taratibu kwenye mwanga mzuri. Ukiona mistari kama ya ngozi kavu, au ukihisi unashika vidole, ubadilishe sasa hivi. Usingoje ukatike boti ikiwa katikati ya maji. Kugundisha mpira mpya si kazi ya kati ya mzamio na mzamio. Gundi nzuri ya poliyurethani huhitaji kukaa usiku kucha, na kwenye boti yenye baridi hukauka polepole zaidi.

Hapa ndipo mfumo wa pete unapojilipa. Fundi anaweka pete ngumu shingoni na kwenye mikono ya suti mara moja tu, kisha mpira wenyewe unabanwa ndani ya pete bila gundi. Mpira ukichanika, unaung'oa na kubana mwingine kwa dakika chache, ukiwa umekaa kwenye benchi la boti. Mpeleke fundi suti yako wiki hii akuwekee pete za mikono, na za shingo pia kama pesa inaruhusu. Ikibidi kuchagua, anza na mikono. Huko ndiko mipira huchanika zaidi, hasa mtu anapovuta mkono kwa haraka na saa ikiwa bado kifundoni. Ukishakuwa na pete unaweza pia kutumia mipira ya silikoni. Ni laini, haiogopi ozoni, na wenye mzio wa lateksi hawana chaguo jingine la kunyoosha vile. Ila ikipata mkwaruzo mmoja wa kucha huchanika moja kwa moja, na gundi za kawaida hazishiki silikoni kabisa. Silikoni bila pete haiwezekani, na silikoni bila mpira wa akiba ni kujitafutia balaa.

Beba mpira mmoja wa shingo na jozi moja ya mikono. Lakini sikiliza jambo ambalo wengi hulipuuza: mpira wa shingo wa lateksi ukitoka dukani karibu kila mara huwa na mdomo finyu mno kwa shingo ya mtu mzima. Lazima ukatwe, pete moja ndogo ya mpira baada ya nyingine, hadi ukae bila kukaba. Mpira unaokaba unaweza kuibana mishipa mikubwa ya shingo na kukutia kizunguzungu au hata kukuzimisha fahamu. Kwa hiyo huo wa akiba uukate nyumbani, uuvae nusu saa ukiwa umekaa, uandike juu yake kwa kalamu kwamba umeshapimwa, ndipo uufunge ndani ya mfuko wa giza wenye poda halisi isiyo na manukato. Uuweke mbali na jua na vitu vya shaba, maana shaba huiharibu lateksi.

Kama fundi hana nafasi kabla ya safari, basi mwambie abadilishe mipira yote kwa njia ya kawaida, nawe ubebe mkasi mdogo wenye ncha butu. Mpasuko mdogo ulioanzia ukingoni unaweza kuondolewa kwa kukata pete nzima ya mpira chini yake, mradi mkato uwe mviringo safi. Ukiacha kona, mpasuko utaanzia hapo tena. Tundu dogo katikati ya mpira linazibika kwa kiraka na gundi ya kuzibia tyubu ya baiskeli. Sura yake haipendezi, lakini kiraka kinakufikisha jioni.

Sasa glavu. Hukusema kama unatumia glavu kavu, zisizoingiza maji, au za neoprini, yaani mpira mnene wenye viputo vya gesi. Nitachukulia ni kavu, maana kwa nyuzijoto 4 wengi huenda huko. Swali la kwanza ni hili: je, umeweka kamrija chini ya mpira wa kifundo ili gesi ipite kutoka kwenye suti hadi kwenye glavu? Ukiwa nako, vidole havibanwi ukishuka na mikono inabaki na joto. Lakini glavu ikitobolewa na chuma cha meli iliyozama au na kome, maji yanapita njia hiyohiyo kuingia mkononi hadi kwapani. Usipokuwa nako, glavu hukubana kina kikiongezeka, ila tundu linabaki kuwa balaa la kiganja kimoja. Mimi nakubali kubanwa kidogo. Wenzangu wengi wanachagua joto, na siwezi kusema wamekosea. Jua tu ulilochagua, kwa sababu ndilo litakaloamua kama glavu ikitoboka unamaliza mzamio kwa tahadhari au unapanda papo hapo.

Beba glavu za nje za akiba zinazoingia kwenye pete zako, na glavu za ndani za kitambaa kwa kila mzamio wa siku, si moja ya kukaushwa kwa matumaini. Halafu beba jozi ya njia tofauti kabisa: glavu za neoprini za milimita 5, au zile za vidole vitatu ambazo ni za joto zaidi. Hizi ndizo zitakazokuokoa mfumo wa pete wenyewe ukivunjika. Zijaribu nyumbani juu ya suti. Kama pete ya glavu kavu haitoki kwenye mkono wa suti, kuna glavu nyingi za neoprini ambazo shingo yake haitapita juu yake, na hakuna mahali pabaya pa kuligundua hilo kama ngazi ya boti. Ukishazivaa, jaribu kushika kila kitu: vali ya mtungi, ndoano, kitufe cha kujaza suti, kioo cha uso. Usichoweza kukifungua ukiwa sebuleni hutakifungua chini ya maji.

Kofia ya neoprini ni jambo fupi. Beba mbili. Ni nyepesi, hazili nafasi, na ndizo zinazosahaulika zaidi. Maji ya baridi yakiingia kwa ghafla kwenye sikio moja yanaweza kukupa kizunguzungu hadi usijue juu ni wapi, kwa hiyo kuzamia bila kofia katika maji hayo hakumo kwenye mjadala. Ya zamani uliyoiacha ulipobadilisha inatosha kuwa akiba.

Nguo za ndani zinahitaji mawazo zaidi. Vazi moja nene la ndani ni zuri kwa joto, ila likilowa halikauki kwenye boti kabla ya kesho yake. Ukigawanya joto lako katika tabaka mbili, la ngozi (linalogusa mwili) na la juu yake, unaweza kubadilisha ile iliyolowa peke yake. Kwa siku sita ningebeba tabaka la ngozi mara tatu, na la juu mara mbili. Sufu au poliesta. Pamba iache nyumbani, hunywa maji na kuyashikilia. Nguo iliyolowa ikamue kwa kuiviringisha ndani ya taulo kavu na kuikanyaga, kisha muombe nahodha ruhusa ya kuitundika karibu na chumba cha injini, si ndani yake mahali pa moshi, la sivyo utazamia ukinuka dizeli wiki nzima. Na kwa kuwa tunasema ukweli: kama unatumia vali ya haja ndogo, muungano wake ukifunguka hulowesha nguo kuliko mpira wowote wa mkono. Hesabu nguo zako ukilikumbuka hilo.

Hapa linaingia jambo ambalo orodha nyingi za akiba haziligusi: uzito. Kila ukibadilisha tabaka la ndani, kiasi cha gesi kinachokaa ndani ya suti kinabadilika, na risasi (vipande vya uzito vya kukuzamisha) unazohitaji zinabadilika nacho. Vivyo hivyo kofia nene, glavu za neoprini, na zaidi ya yote suti ya neoprini badala ya kavu. Akiba ambayo hujaipimia uzito itakutoa kwenye baridi ikuingize kwenye shida ya kushindwa kukaa kwenye kituo cha mita 5, pale unaposimama kabla ya kutoka majini, mtungi ukikaribia kwisha. Tafuta kidimbwi au pwani ya kina kifupi kabla ya safari. Mtungi ukiwa umebaki na mgandamizo wa takriban bar 50, toa gesi yote ya ziada kwenye suti na kwenye jaketi ya kuelea, uone kama unaweza kukaa mita 3 hadi 5 bila kuvutwa juu. Andika namba kwa kila mchanganyiko wa nguo kwenye kadi isiyolowa maji, na kadi hiyo ibaki kwenye kisanduku chako.

Baadhi ya wenzako safarini watakuwa na fulana za kupasha joto kwa betri. Ukishawishika kununua moja, sawa, lakini usiihesabu kama akiba na usiitegemee. Mwaka 2007 kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha Jeshi la Majini la Marekani kilitoa matokeo ya majaribio yaliyobadili jinsi tunavyofikiri. Wazamiaji waliopata joto wakiwa kina kirefu kisha wakapoa wakati wa kupunguza mgandamizo, yaani wa kupanda, walipata ugonjwa wa mgandamizo (viputo vya gesi mwilini) mara nyingi zaidi kuliko waliopata baridi wakiwa kina kirefu na joto wakati wa kupanda. Maji ya majaribio yalikuwa ya nyuzijoto 27 na 36, mbali kabisa na yako, kwa hiyo huwezi kuchukua namba zao na kuzibandika kwenye mzamio wako. Mwelekeo wenyewe ndio wa kuogopa: fulana inayokupasha vizuri dakika 30 za mwanzo kisha betri ikafa inakuweka upande mbaya wa majaribio hayo. Vaa nguo zinazotosha bila umeme, na kama fulana ipo, itumie zaidi wakati wa kupanda. Ikifa ukiwa chini, fupisha mzamio kabla deni la kupunguza mgandamizo (muda wa lazima wa kusimama njiani ukipanda) halijakua.

Vali zina dawa rahisi. Vali ya kutolea gesi inayovujisha mara nyingi ina unywele, uzi wa nguo ya ndani au chembe ya mchanga chini ya utando wake. Ifungue, isuuze kwa maji baridi, irudishe. Jifunze kuifungua nyumbani na ubebe kifaa kama yako inakihitaji. Ya kujazia huweza kuganda ikiwa wazi ukiibonyeza kwa muda mrefu katika maji ya baridi. Ibonyeze kwa vipindi vifupi. Ukiwa umevaa glavu zako zote, zoea kuchomoa hosi yake kwa mkono mmoja bila kutazama. Beba hosi moja ya akiba ya urefu uleule na kichwa kilekile, maana vichwa havifanani vyote, na oringi (vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja) chache.

Zipu isafishe kwa mswaki laini na uipake nta ya zipu nje kama ni ya chuma. Ya plastiki hupakwa grisi kidogo kwenye ncha inakofungia. Usipulizie silikoni ya kopo. Inaenea kwenye kitambaa na siku utakapohitaji kugundisha kiraka hakitashika.

Zipu ndiyo inayorudisha swali lako la suti ya pili, kwa sababu meno yake hayatengenezeki kwenye boti. Kabla hujatumia pesa, mwandikie kiongozi umuulize kama boti ina suti ya pamoja, au kama kuna mwenzenu mwenye umbo linalokaribia lako anayebeba mbili. Kikundi cha watu 10 hakihitaji suti 10 za akiba. Kama jibu ni hapana, tafuta suti ya neoprini ya milimita 7 inayobana vizuri, ile yenye kofia na mikono inayozuia maji kuzunguka. Ijue mipaka yake. Viputo vya gesi ndani ya neoprini hubanwa na kina: kwenye mita 10 gesi hiyo hubaki nusu ya ujazo wake, kwenye mita 30 robo. Suti inakuwa nyembamba palepale unapoihitaji zaidi. Kwa maji yako ningeikubali kwa mzamio mmoja mfupi kwa siku, kina kifupi, bila deni la kupunguza mgandamizo. Mara tatu kwa siku, hapana.

Ndiyo maana nakusihi uandike sasa, ukiwa na joto na akili timamu, utafanya nini kila kitu kikiharibika. Mtu aliyelipia safari na anayetetemeka hafanyi uamuzi mzuri. Kwangu iko hivi: nikilowa hadi kiwiko, nabadilisha nguo na mpira, naendelea. Nikilowa kifua au mgongo, siku hiyo imekwisha, hata kama meli niliyoisubiri mwaka mzima iko chini ya boti. Kutetemeka kusikozuilika chini ya maji ni kupanda, hakuna mashauriano. Mwonyeshe mwenzako wa kuzamia karatasi hiyo ili akukumbushe.

Wanaoanza huogopa sana suti kujaa maji. Maji yaliyo ndani ya suti hayakuvuti chini, kwa kuwa uzito wake ni sawa na yanayokuzunguka. Unachopoteza ni gesi iliyokuwa ikikuinua na joto lako. Hakikisha jaketi yako peke yake inaweza kukuinua na vifaa vyote pamoja na mtungi uliojaa. Taabu ya maji hayo huja kwenye ngazi. Panda polepole, uyaache yashuke.

Wiki moja kabla ya kuondoka, ziba mipira kwa chupa, ijaze suti hewa, uipake maji ya sabuni na kutafuta mapovu. Kisha fanya mzamio mmoja mzima ukiwa umevaa vya akiba peke yake: kofia ya zamani, glavu za neoprini, tabaka la pili la nguo.

Kama mnasafiri kwa ndege, gundi zinazowaka haziruhusiwi kwenye mizigo, kwa hiyo panga kuzipata mwisho wa safari. Betri za lithiamu za akiba husafiri kwenye begi la mkononi tu. Zile za hadi saa-wati 100 kwa kawaida hazina tatizo, zinazozidi hapo hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Mipira ya akiba na kofia viweke mkononi pia. Suti ikipotea unaweza kukodisha nyingine, lakini mpira wa kipimo cha pete zako huenda usiupate popote.

Na kiongozi muulize jambo moja zaidi: boti ina mahali pa kukaushia nguo? Kama hakuna, tabaka tatu za ngozi nilizokutajia zifanye tano.